Nyumba Iliyomnyamazisha Tamari

(Mazungumzo ya ibada yaliyosomwa redioni. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuyasikia, na kwa matumizi ya vikundi vya kanisa.)

  Popote mlipo, jikoni, dukani, shambani au safarini, kaeni nasi kwa dakika hizi chache tulitazame Neno la Mungu pamoja.

Fungu letu la leo lapatikana katika kitabu cha pili cha Samweli, mlango wa 13, mstari wa 1 hadi wa 22. Ni fungu lisilosomwa mara nyingi mimbarani. Lakini Roho Mtakatifu hakuona vibaya liandikwe, na ikiwa Biblia haikuona haya kulisimulia, sisi nasi tusione haya kulisikia. Kwa kuwa huenda watoto wako karibu nanyi, tutasema kwa adabu. Lakini tutasema.

Hadithi yenyewe ni hii. Tamari alikuwa binti wa mfalme Daudi. Amnoni, ndugu yake kwa baba, alimtamani. Akajifanya mgonjwa, akaomba Tamari aje kumpikia mikate. Mfalme mwenyewe, asijue hila iliyokuwamo, akamtuma binti yake. Tamari akaenda kwa moyo mweupe, akakanda unga, akapika. Ndipo Amnoni akawatoa watu wote nyumbani, akamshika kwa nguvu.

Angalieni alivyofanya Tamari. Alikataa. Alimsihi. Alimkumbusha ndugu yake kwamba taifa lao lilikuwa na desturi na sheria, na kwamba jambo alilotaka kulitenda lilikatazwa. Alimwonyesha aibu ambayo ingewapata wote wawili. Amnoni hakusikia, naye alikuwa na nguvu kuliko yeye. Alipokwisha kumharibu, alimchukia, akamwamuru mtumishi amtoe nje na kufunga mlango nyuma yake. Tamari akairarua kanzu yake, vazi la binti za mfalme, akajitia majivu kichwani, akaenda zake akilia kwa sauti.

Wapendwa, mara nyingi twawasikia watu wakiuliza juu ya mwanamke au msichana aliyetendewa jeuri: Mbona hakupiga kelele? Mbona hakusema mapema? Basi mtazameni Tamari. Alikataa, alisema, alilia mbele za watu. Hakuacha hata moja katika yale ambayo mtu aliyeonewa aweza kuyafanya. Taabu haikuwa katika kinywa cha Tamari. Taabu ilikuwa katika masikio ya nyumba yake.

Hebu tuwatazame watu wa nyumba ile, mmoja mmoja.

Wa kwanza ni Yonadabu, binamu yao, mtu mwerevu. Ndiye aliyemfundisha Amnoni ile hila ya kujifanya mgonjwa. Yeye hakumgusa Tamari hata kwa kidole, lakini akili yake ndiyo iliyoutengeneza mtego.

Wa pili ni mtumishi. Aliambiwa funga mlango, akafunga. Pengine aliogopa kupoteza kazi. Pengine alisema moyoni kwamba mambo ya wakubwa hayamhusu.

Wa tatu ni Absalomu, ndugu yake Tamari wa mama mmoja. Huyu alimpenda sana dada yake, akamkaribisha nyumbani kwake. Lakini akamwambia anyamaze, kwa sababu aliyemtenda vile ni ndugu. Yaani, jambo hili ni la ukoo, tusilitoe nje.

Wa nne ni Daudi mwenyewe, mfalme na baba. Biblia yatuambia alikasirika sana. Kisha? Kisha hakuna. Hatusomi kwamba alimwita Amnoni. Hatusomi kwamba aliketi katika kiti cha hukumu. Hatusomi hata kwamba alimwita binti yake amfariji. Mtu ambaye Israeli yote ilimwendea kutafuta hukumu alikuwa na hasira, na hasira yake haikumsaidia Tamari hata kidogo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyumba ya Daudi haikuziba ufa. Miaka miwili mizima Absalomu alimwekea Amnoni chuki, kisha akaagiza auawe karamuni, wakati wa kukata kondoo manyoya. Absalomu akakimbia nchi. Aliporudi, baada ya muda akamwasi baba yake, vita vikaingia, na mwisho Daudi akalia kwa uchungu juu ya mwana mwingine aliyekufa. Wale waliosema tunyamaze ili nyumba iwe na amani hawakupata amani. Na Tamari je? Biblia yasema alikaa katika nyumba ya ndugu yake akiwa mkiwa. Baada ya hapo hatumsikii tena.

Hilo ndilo tunalotaka kuwaambia leo. Amani inayopatikana kwa kumnyamazisha aliyeumizwa si amani ya Mungu. Naye Mungu, kwa rehema zake, ameweka katika nchi sheria na mahakimu ili Tamari wa leo asibaki akilia njiani. Kazi ya kanisa si kusimama kati yake na sheria hiyo. Kazi ya kanisa ni kumshika mkono na kumfikisha.

Wapendwa, msidhani twazungumza habari za zamani, au za watu walio mbali. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, 34 walikuwa wametendewa jeuri ya mwili tangu walipofika miaka 15, na 13 walikuwa wametendewa jeuri ya kingono wakati mmoja au mwingine maishani. Wahesabuni akina mama na wasichana wanaoketi kanisani siku ya Jumapili, mkapime wenyewe. Wanaume na wavulana nao wamo miongoni mwa walioumizwa, na wengi wao hawasemi kabisa, kwa kuogopa kuchekwa. Tena mwezi wa Januari 2024 maelfu ya watu walitembea katika miji ya Kenya wakiomba mauaji ya wanawake yakomeshwe. Wengi wa waliouawa namna hiyo hawauawi na wageni. Wanauawa na watu waliowajua, tena mara nyingi baada ya vipigo vingi ambavyo jirani alivisikia.

Sasa, sheria yasema nini? Ni vema Mkristo aijue, kama anavyojua njia ya kwenda hospitali kabla hajaugua.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 29, yampa kila mtu haki ya kutotendewa jeuri ya aina yoyote, iwe imetoka kwa watu wa serikali au kwa mtu binafsi. Maana yake ni kwamba ukuta wa nyumba si mpaka wa sheria. Kofi lililo kosa sokoni ni kosa chumbani pia.

Kuna Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka wa 2006, iliyopelekwa Bungeni na Bi. Njoki Ndung'u, aliyekuwa mbunge wakati ule. Sheria hiyo yasema mwenye hatia ya kubaka atafungwa miaka isiyopungua 10, na aweza kufungwa maisha. Kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake, adhabu ni kifungo cha maisha. Akiwa wa miaka 12 hadi 15, ni miaka isiyopungua 20. Akiwa wa miaka 16 au 17, ni miaka isiyopungua 15. Mtoto hawezi kusemwa kwamba alikubali. Na anayemwingilia binti yake, dada yake au mjukuu wake, hilo sheria imelitaja kwa jina lake. Amnoni wa leo hawezi kujificha nyuma ya neno ndugu.

Sikilizeni na hili, maana linasahauliwa sana. Chini ya sheria hiyo kesi ya namna hii haimalizwi na wazee wa ukoo, wala wazee wa mtaa, wala wazee wa kanisa. Kuiacha au kuiendeleza ni uamuzi wa mwenye mamlaka ya mashtaka ya nchi. Mbuzi akichinjwa, blanketi likitolewa, pesa zikipita chini ya meza, kosa bado ni kosa. Wakila nyama, wameila tu, kesi haikufa. Tena korti ikimwamini mtoto au mtu mzima aliyetendewa, na hakimu akaandika sababu za kumwamini, yaweza kumtia mkosaji hatiani kwa ushahidi wa huyo mmoja. Basi tusimwambie mtu kwamba kwa kuwa hakuna aliyeona, hakuna kesi.

Kisha kuna Sheria ya Ulinzi dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka wa 2015. Hii haiangalii vipigo peke yake. Yahesabu pia vitisho, matusi ya kumvunja mtu moyo, kumnyima mali na riziki, kumfuatafuata, kumfungia nje ya nyumba yake, ndoa za watoto, kurithi mjane kwa nguvu, na jeuri ya kingono ndani ya ndoa. Yawalinda walio katika ndoa na waliokwisha kuachana, watoto, wazazi wazee, na jamaa wanaokaa nyumba moja. Mtu aliye hatarini aweza kwenda kortini kuomba amri ya ulinzi, na asipoweza mwenyewe, mwingine aweza kumwombea. Hakimu akiona kungoja kutaleta madhara, aweza kutoa amri ya muda hata kabla ya kumsikia yule anayelalamikiwa. Amri hiyo yaweza kumkataza asipige, asitishe, asikaribie nyumba wala mahali pa kazi. Yaweza hata kumpa mke na watoto haki ya kukaa katika nyumba na kumtoa mkorofi, ingawa nyumba ni ya jina lake. Naye akiivunja amri, amefanya kosa na aweza kufungwa.

Wengine watasema, sheria ni karatasi tu, polisi hawasaidii. Ni kweli kwamba wapo waliofika kituoni wakarudishwa. Lakini sikilizeni yaliyotokea Meru. Mwaka wa 2012 kundi la wasichana walionajisiwa, ambao kesi zao polisi walikuwa wameziacha, walipeleka malalamiko yao katika Mahakama Kuu, wakisaidiwa na watu waliowapa hifadhi. Tarehe 27 Mei 2013 Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba polisi, kwa kutochunguza ipasavyo, walivunja haki za watoto wale, ikawaamuru wachunguze. Na kule Busia, mwaka huo huo wa 2013, msichana wa miaka 16 alibakwa na kundi la vijana, na watatu kati yao wakaadhibiwa kwa kufyeka nyasi kituoni, kisha wakaachiliwa. Watu walikataa kunyamaza. Kelele zikafika Nairobi na nje ya nchi, na mwaka wa 2015 korti ikawahukumu watatu kifungo cha miaka 15. Yule mjane wa Injili ya Luka, aliyemsumbua kadhi dhalimu mpaka akampa haki yake, bado ana watoto katika nchi hii.

Lakini kuna vikwazo vinavyotoka ndani ya kanisa lenyewe, na hivyo twataka tuvijibu kwa Neno.

Mmoja asema, Paulo aliwaonya Wakorintho wasishtakiane mbele ya wasioamini. Ndiyo, aliwaonya. Lakini someni mlango ule wa 6 kwa makini. Walikuwa wakigombania mambo ya maisha haya, mtu na ndugu yake, wakinyang'anyana mali. Hakuwa akizungumza na mama aliyevunjwa mkono. Paulo huyo huyo, alipofungwa ili apigwe mijeledi, alitaja haki yake ya uraia wa Rumi na mijeledi ikazuiwa. Watu walipotaka kumwua, alikata rufani kwa Kaisari. Na kwa Warumi aliandika kwamba mtawala ni mtumishi wa Mungu dhidi ya mtenda maovu. Ikiwa mtume aliutumia ulinzi wa sheria, nani atamwambia mjakazi wa Bwana kwamba kuutumia ni upungufu wa imani?

Mwingine asema, Bwana Yesu alitufundisha kwamba ndugu akikukosa, uende kwake peke yako kwanza. Fundisho hilo ni jema, na hutengeneza ugomvi mwingi. Lakini kumrudisha mke peke yake katika chumba cha mtu aliyemkaba koo si kulitii fundisho hilo. Ni kumpeleka kondoo kwa mbwa mwitu, kisha kumwambia afunge mlango.

Mwingine asema, lakini yatupasa kusamehe. Yatupasa kweli. Msamaha ni neema ya Mungu ndani ya moyo, nao huja kwa wakati wake. Hauamriwi na kamati. Tena msamaha haufuti kosa mbele ya sheria. Mtu aweza kumsamehe aliyemchomea nyumba, wala asimpe kiberiti tena. Naye mkosaji, ikiwa ametubu kweli, hataomba kufichwa. Zakayo alipotubu aliyarudisha aliyoyanyang'anya, tena mara nne. Toba inayodai kwanza mashtaka yaondolewe, hiyo bado haijafika kwa Zakayo.

Na mwingine hutukumbusha methali, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Methali hiyo ni ya ugomvi, watu wawili wanaorushiana maneno na kesho watapatana. Mmoja akimpiga mwenziwe ambaye hawezi kujitetea, huo si ugomvi. Hapo liweke jembe chini, ukabishe mlango.

Sasa tuseme la kufanya, kwa maneno mepesi, ili hata mtoto aliye nyumbani aelewe.

Mtu akibakwa au mtoto akinajisiwa, mpelekeni hospitali upesi, siku ile ile. Msingoje ripoti ya polisi ndipo mwende. Matibabu hutangulia, na sheria yasema gharama za matibabu hayo hubebwa na Serikali. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zapaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyosaidia zaidi. Dawa za kuzuia mimba ya kulazimishwa hutolewa kabla ya saa 120 kupita. Asioge kabla ya kuonekana na daktari, ingawa moyo wake watamani kuoga. Nguo alizokuwa amevaa zisifuliwe. Zitieni katika mfuko wa karatasi au zifungeni kwa gazeti, si katika plastiki, maana katika plastiki unyevu huuharibu ushahidi.

Kisha nendeni kituo cha polisi, mkahakikishe jambo limeandikwa katika kitabu cha matukio, nanyi mpewe nambari yake, ile iitwayo nambari ya OB. Ichukueni fomu ya P3, ijazwe na polisi na daktari. Wekeni nakala ya kila karatasi. Anayeandika maneno yake ana haki ya kusikilizwa kwa heshima, na katika dhuluma za nyumbani aweza kuomba aandikiwe na afisa wa jinsia yake. Kwa msaada wa simu bila malipo kuna nambari 1195 kwa dhuluma za kijinsia, na 116 kwa watoto. Tafadhali ziandikeni nyuma ya mlango wa jikoni, au katika ukurasa wa mwisho wa Biblia yenu. Kwa mawakili, wapo wanaosaidia wasio na uwezo. Chama cha mawakili wanawake, FIDA Kenya, kimekuwa katika kazi hiyo tangu mwaka wa 1985.

Na kanisa lifanye nini?

Kwanza, liamini. Atakayekuja kwa mchungaji au kwa mama kiongozi huwa amekwisha kulifikiria jambo hilo usiku mwingi. Asiulizwe alivaa nini. Asiulizwe alimkosea nini mumewe.

Pili, limsindikize. Mtu mmoja akienda kituoni aweza kurudishwa. Akienda na wazee wawili wa kanisa na mama mmoja wa ushirika, si rahisi arudishwe. Kesi nyingi hufa kwa sababu shahidi hakuwa na nauli ya kufika kortini mara ya tano au ya sita. Kuna sadaka gani bora kuliko nauli hiyo?

Tatu, limpe pa kulala. Katika Israeli, Mungu aliamuru miji 6 iwe miji ya makimbilio. Je, ushirika wetu hauwezi kuwa na hata chumba kimoja, katika nyumba isiyotangazwa, na unga, na maziwa ya watoto?

Nne, lisimfiche mkosaji. Hata akiwa mzee wa kanisa. Hata akiwa mwimbaji hodari, au mtoaji mkubwa wa harambee. Hata akiwa anasimama mimbarani. Mwombeeni, mtembeleeni gerezani ikiwa amefungwa, msomeeni Neno la Mungu. Lakini msisimame kortini kumwombea aachiliwe kwa sababu tu ni mtu wa kwetu. Hayo ndiyo aliyoyafanya Absalomu, kulitanguliza neno ndugu.

Nasi tuna neno kwako wewe unayetusikiliza peke yako, redio ikiwa chini kwa sababu yupo asiyetakiwa kusikia. Dhambi hiyo si yako. Katika torati ya Musa, kitabu cha Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, msichana aliyeshikwa kwa nguvu shambani huhesabiwa hana hatia, sawa na mtu aliyevamiwa na adui akauawa. Neno la Mungu halikukulaumu tangu zamani zile. Usikubali mwanadamu akulaumu leo. Ukiwa na mtu mmoja unayemwamini, mwambie. Ukihofia maisha yako, usingoje Jumapili. Na ikiwa watoto wako wanakushika nguo usiku wanaposikia hatua za baba yao mlangoni, jua kwamba kuwatoa katika hofu hiyo si kuivunja nyumba. Nyumba ilivunjwa na aliyeinua mkono.

Na wewe mume, au kijana, ambaye mkono wako umekuwa mwepesi, usidhani twakufungia mlango wa rehema. Damu ya Yesu yatosha. Lakini njoo kwenye nuru. Mwendee mchungaji, mwendee mshauri, kubali kukaa mbali na wale unaowaumiza, kubali na hukumu ya sheria ikiwa imekufikia. Mfalme Daudi, alipoambiwa dhambi yake na nabii Nathani, hakumfukuza nabii. Alikiri.

Wapendwa, Yonadabu wa leo yupo, na mtumishi mwenye komeo yupo, na Absalomu asemaye nyamaza yupo, na Daudi mwenye hasira isiyofanya kazi yupo. Katika hadithi ile tunamkosa mtu wa tano tu, yule ambaye angalitoka njiani, akamkuta binti yule mwenye majivu kichwani, akamwuliza: Umepatwa na nini, mwanangu? Twende. Nafasi hiyo haijajazwa. Bwana anakuitia wewe.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, wewe wasikia kilio ambacho nyumba imekataa kukisikia. Wakumbuke leo binti zako na wana wako walioumizwa na mikono iliyopaswa kuwalinda. Wape mlango ulio wazi, na mtu wa kuwasindikiza. Wape mahakimu moyo wa haki, polisi moyo wa huruma, madaktari uangalifu, na mashahidi ujasiri. Ulinde ushirika wetu usiwe mahali pa kufichia uovu. Wageuze wenye jeuri, uwavunje mioyo kabla hawajawavunja wengine. Nasi utupe masikio. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, wapendwa, na Bwana awalinde.